Deo Anajikuna

Jumanne, usiku

Anajikuna! Viganja, nyayo, mgongo, kama mtu aliyelalia upupu, na mimi nacheka peke yangu.

Kaka yangu huyu alishuka kwenye basi la Dar akichemka, akilalamikia maumivu ya macho na mifupa. Nyumbani sote tukasema malaria. Vipimo vikakataa, mpaka daktari alipouliza ametoka wapi, ndipo akampima dengue, ikaonekana.

Juzi homa iliposhuka mama alipiga vigelegele. Daktari akamwambia, "Subiri kwanza, mama. Hapa ndipo damu huvuja." Kweli, jioni fizi zikaanza kutoa damu. Nikawaza, kama Deo ataondoka... basi, siandiki.

Halafu shangazi! Amekuja kutoka Mwimbi na chupa ya uji wa ulezi, nashukuru, lakini akanitia mkononi vidonge vya kutuliza maumivu nimpe mgonjwa. Nikamweleza kuwa daktari amevikataza, vinazidisha kuvuja damu. "Nyie mnajifanya mnajua," akasema. "Mpe mwenzio apone." Nikavitupa chooni.

Leo wanajumuiya walikuja wodini kusali. Katikati ya sala Deo akaanza kujikuna. Nikamkimbilia daktari. Akamwangalia ngozi, akasoma majibu ya damu, akatabasamu. "Kujikuna huku ndiko kupona. Kesho kutwa mnaweza kwenda nyumbani."

Mama akalia. Shangazi akasimama mbele ya wote: "Tumshukuru Mungu! Na vile vidonge vyangu vimefanya kazi!"

Nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote: Amina.