Kisima cha Karatasi

Salma mjukuu wangu,

Mwaka wa pili huu hujakanyaga Pande, huna haya! Shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza kwa nini bajeti isomwe hadharani wakati wabunge wapo. Enzi za Mwingereza, karani alitusomea barazani kodi yetu ilivyotumika: "Kisima cha Pande kimeshachimbwa." Nikaduwaa! Alfajiri ile tulikuwa tumeteka maji bondeni, mwendo wa saa nzima. Mama akainuka, akamwekea mtungi miguuni: "Haya baba, kanitekee." Jumbe akafoka, "Keti, mwanamke!" Hakuketi. Wazee wote wakamgeukia jumbe, maana hela za kisima alikabidhiwa yeye. Kabla ya masika kisima kikachimbwa. Hadi leo najiuliza: je, karatasi ile isingesomwa?

Mimi sikusoma, ila masikio ninayo. Ukija, njoo na bajeti ya zahanati yetu, utusomee kwa sauti, neno kwa neno.