Nilivyohamisha banda la Mama Poni kwenye simu za watu

Jumamosi, Koboko.

Kati ya Arua na mpaka wa Sudan Kusini hakuna mwanablogu anayenifikia. Niliacha shule Senior Two, lakini mtandao wenyewe ukiniona unasimama na kunisalimia. Kama unamjua mwingine, mlete, nitamfundisha bure.

Mvua ilipiga asubuhi, mchana jua likawaka na mimi nikatembea kifua mbele. Acha nieleze.

Mama Poni alitoka Yei, ng'ambo ya mpaka, anauza odi, ile siagi nzito ya karanga na simsim. Mwaka jana nilimwandikia posti. Mwezi uliopita alihama banda, fundi cherehani akaingia pale, na mimi, bingwa, sikugusa kitu kwenye posti. Jumatano akanipigia simu.

"Wewe mutoto! Posti yako iko napeleka watu kwa fundi cherehani! Yeye nauza odi? Yeye nauza zipu!"

"Pole, mama, nitarekebisha."

"Jumamosi mwenye hoteli wa Arua nakuja. Yeye natafuta mutu wa kumuletea odi kila wiki. Jumatatu nilimutumia linki yako. Akipotea, mimi nakuja kwa mama yako."

Mama yangu hana mchezo. Nikaanza kazi siku ileile.

Nakiri, posti ya zamani ilikuwa aibu. Kichwa chake: "Ladha ya Maisha Yangu." Nani duniani ana njaa halafu anaandika hivyo kwenye simu? Aya nne za kwanza zilinihusu mimi. Picha ilikuwa miwani yangu ya jua, odi iko nyuma kama mtu aliyepita kwa bahati mbaya.

Nikaenda kwa vijana wa boda, nikawauliza wakitaka odi wanaandika nini. Mmoja wa Lobule akanitazama kama mgonjwa. "Naandika 'odi Koboko'. Wewe unaandika nini, barua?"

Basi kichwa kikawa: "Odi Koboko: banda jipya la Mama Poni liko wapi." Njia nikaiweka juu kabisa: toka stendi, vuka lami, turubai la bluu mbele ya duka la magodoro. Picha nikazipunguza uzito zisimle mtu bando. Nikampa dada yangu Candiru asome.

"Kaka, mimi nataka njia, wewe bado unanieleza nywele zako."

Nikafuta nywele. Iliniuma.

Alhamisi nikaipanga upya kila kona, hata anwani ya posti mtandaoni nikaibadilisha iwe na sura nzuri. Ijumaa nikaandika "odi Koboko" kwenye simu ya jirani, maana yangu inanipendelea.

Wa kwanza! Juu kabisa! Nilipiga kelele mpaka mbuzi akakata kamba.

Na leo watu wamekuja. Kina mama watatu wa Dranya, simu mkononi, wakavuka lami moja kwa moja bila kuuliza mtu. Kijana wa Ayivu na baiskeli yake. Fundi cherehani mwenyewe kaja kununua, anasema amechoka kusikia jina la kitu ambacho hajala. Saa nane beseni la pili lilikuwa tupu. Mama Poni akanipa kijiko kizima nilambe mbele ya watu wote.

"Leo wewe ni mutu," akasema.

Nimeitwa majina mengi Koboko. Hilo ndilo nitalala nalo.

Lakini mwenye hoteli hakutokea. Saa kumi akapiga simu, tayari yuko njiani kurudi Arua. Alifika asubuhi, akafungua linki aliyotumiwa, ikamwambia hakuna kitu hapa. Akampigia Mama Poni, simu ya mama ilikuwa kwenye chaji kwa jirani. Akanunua kwa mama mwingine sokoni, wakapatana kila wiki.

Mama Poni alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, akafuta mikono kwenye kitenge muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Network ya Koboko ni ya shetani," akasema.

"Kweli, mama," nikajibu.

Sasa nimekaa nyumbani, hesabu ya wasomaji inapanda, na sitaki hata kuitazama. Nilipobadilisha anwani ya posti Alhamisi, ile ya zamani niliiacha ife. Sikuiwekea njia ya kumfikisha msomaji kwenye mpya. Linki aliyopewa yule bwana Jumatatu niliiua mimi, kwa ajili ya sura nzuri tu, hakuna aliyeniomba.

Network ya Koboko leo ilikuwa safi tangu asubuhi.