Hema Nililolipima Kama Gauni

Dada yangu Mkubwa,

Pokea salamu nyingi kuliko mchanga ambao hadi leo naukung'uta kwenye mikunjo ya nguo zetu. Hujambo wewe, na shemeji dereva hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anaendesha lori akiwa amekalia mto? Watoto nao? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Cherehani zinalia, wateja wanalia kuliko cherehani, na Mama yupo. Najua barua zako humsalimia kila mtu wa nyumba hii isipokuwa yeye. Hata paka umewahi kumsalimia. Lakini leo nakuomba usiikunje barua hii kwa kumwona humu. Akili yangu imevurugika, nami sina mwingine wa kumwuliza.

Habari ilianzia kwenye pampu. Mume wangu, shemeji yako wa huku, aliitwa kwenye ile hifadhi ya jangwani kutengeneza pampu ya kisima. Maji yalipotoka, mkuu wa hifadhi kwa furaha yake akamwambia alete familia ipige kambi bure. Mzee Pampu alirudi nyumbani kifua mbele kama aliyepewa shamba. Nilimwuliza, mtu mwenye kitanda chake anakwendaje kulala chini kwa hiari yake? Akasema ndiyo mapumziko hayo. Nikasema basi mimi mapumziko sijayaelewa. Bi Maswali, binti yetu, alikuwa ameshaanza kufunga mizigo huku akiuliza kama jangwani kuna choo, na kama hakuna, wanyama huenda wapi.

Mama tusingeweza kumwacha peke yake. Hapa nilikuficha kidogo, dada, unisamehe. Siku hizi anatia chumvi kwenye chai. Anauliza Baba amechelewa wapi, Baba yuleyule tuliyemzika. Halafu kesho yake anaamka mzima kabisa, ananiambia pindo zangu zimepinda kama njia ya mlevi. Hujui leo umeamka na mama yupi.

Hema hatukuwa nalo, na shemeji yako akatangaza kwamba nyumba yenye cherehani haiazimi hema. Basi nikanunua turubai, nikawalaza wote sakafuni kwenye chumba cha kushonea, bega kwa bega, nami nikajibana pembeni kidogo kuonja nafasi yangu. Kisha nikapitisha utepe wa kupimia, nikakata, nikashona. Yaani nililipima hema kama gauni! Sikuacha nafasi ya mtu kugeuka, wala ya mizigo, wala ya kuvuta pumzi. Mama, akiwa amelala palepale chini, aliniambia niongeze kidogo mbavuni. Nikadhani ni yale maneno yake ya siku hizi.

Dada, jangwa sijui nikueleze vipi. Nilitegemea tambarare, nikakuta vilima vya mchanga vinavyofanana kama watoto mapacha, na mawe mekundu yaliyosimama peke yake kama watu waliosahau walikuwa wakienda wapi. Ukigeuka mara moja, mbele imekuwa nyuma. Wakati wa sala nilisimama nikizunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, mpaka nikamwambia Mungu anipokee hivyohivyo, upande wowote nilioelekea. Askari wa hifadhi, mtu mwembamba asiyecheka, alituonya tusiliache jiwe letu, lile tulilopiga hema chini yake, litupotee machoni. Alilitazama hema letu kwa muda mrefu, akatuambia amewahi kuona mahema mengi lakini hili la kwetu ndilo la kwanza kuwakaa watu vizuri mwilini. Shemeji yako alicheka hadi akakaa chini.

Kicheko kilikwisha tulipolala. Mmoja akitaka kugeuka ilibidi tugeuke sote kwa amri. Kabla hakujapambazuka Mzee Pampu alisahau amri, akageuka peke yake, na mshono wa ubavuni ukaachia kuanzia chini hadi juu. Tukaamka tunatazamana na jangwa.

Asubuhi shemeji yako na Bi Maswali waliondoka na askari kwenda kuangalia nyayo za swala. Mimi na Mama tukabaki kwenye kivuli cha jiwe kurekebisha hema. Ilibidi kuufumua na ubavu wa pili, tutie kipande pande zote mbili. Nikachukua wembe, Mama akaninyang'anya. Unaukumbuka mkono wake: anakata uzi mmoja, anaruka mbili, anakata tena, kisha anavuta taratibu na mshono wote unatoka kama unywele kwenye siagi, kitambaa hakina kidonda. Hakuna mwingine anayefumua hivyo. Mimi mwenyewe alinifundisha, nikashindwa.

Nilikuwa namtazama tu, sina wazo lolote, alipoanza kulia. Machozi yalidondokea turubai naye akiendelea kukata na kuruka. Akaniita Mkubwa. Nikatazama nyuma, dada, nikidhani umekuja! Akasema Mkubwa, mwanangu, ule uzi wa gauni lako haukuwa mbovu.

Unakumbuka asubuhi ya harusi yako: gauni alilokushonea mwenyewe tulilikuta limetengana vipande kitandani, naye akaapa kwamba uzi ulikuwa umeoza. Wewe ulisema uzi mbovu hukatika ovyo, haukatiki kwa mpangilio. Ukaolewa na gauni la kuazima, na mlango wa Mama hujaukanyaga tena. Mimi nilibaki katikati miaka yote hii, sijui nimwamini nani, nikawa nawapenda wote na kunyamaza.

Basi alisema. Alisema alilifumua yeye, kwa wembe, nyumba nzima ikiwa imelala. Alidhani bila gauni harusi itasogezwa mbele, na ikisogezwa utamwona yule dereva kwa macho mengine, utabaki kwenye cherehani ya pili, ushone kando yake. Akasema, kumbe wewe ulikuwa unataka mume, hukuwa unataka gauni. Akanishika mkono na ule wembe bado uko vidoleni, akaniuliza kama naweza kumsamehe kabla hajasahau alichokosa.

Nilifungua mdomo niseme Mama, mimi ni Kitinda. Wallahi hayo ndiyo maneno niliyoyaandaa. Nikasikia sauti yangu inasema, nimekusamehe, Mama.

Ndiyo hayo, dada. Nimetoa sadaka kwa mali isiyo yangu. Yeye alishusha pumzi, akamaliza kufumua, akala, akalala kwenye kivuli kama mtoto aliyeogeshwa. Mimi ndiye niliyebaki nimepotea, na jiwe letu liko palepale mbele ya macho yangu. Je, nilisema uongo? Au nilimfunika mzee aliyekuwa uchi? Nimesali, sijapata jibu. Shemeji yako nilipomweleza alisema pampu angejua kuitengeneza, hili hapana.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna la juzi. Tangu turudi Mama alikuwa akidai kitambaa cheupe, nikampa ili atulie. Akanisimamisha, akanipima mabega, kifua, kiuno, huku akiniita Mkubwa, nami nikaitika, maana nilishaanza. Akakata bila kuandika kitu, akapiga bandi, ile mishono ya muda ya kujaribishia. Jana akanivisha. Dada, halikuniingia hata begani! Wewe mwembamba mrefu, mimi pipa. Alikuwa amenipima mimi, mkono wake ukakata vipimo vyako vya siku ile.

Nilingoja achanganyikiwe. Hakuchanganyikiwa. Alirudi nyuma hatua, akanitazama usoni kwa yale macho yake ya zamani, akasema, Kitinda, hebu livue utalichana, hili si lako. Nikamwuliza ni la nani. Akaniuliza kwani mimi mgeni wa nyumba hii. Akasema mbavu hazishoni kabisa, anaziacha kwa bandi, mpaka mwenyewe aje lipimwe mwilini, maana watu hunenepa.

Sasa nambie wewe uliyesoma kunishinda: kule jangwani alikuwa anasema na nani? Alinisahau, au alijua ni mimi akapitishia kwangu kwa sababu nipo karibu? Na kama alijua, ule msamaha wangu aliupokea wa nini? Sijui. Ninachojua ni kwamba gauni liko kwenye msumari nyuma ya mlango, mbavu wazi, na kila asubuhi analikung'uta vumbi. Siku akiamka asijue ni la nani, sitakuwa na la kukuandikia tena.

Ukikasirika kwa nilichokitoa kwa jina lako, kasirika, lakini uje ukasirikie hapahapa. Msalimie shemeji dereva, mwambie mto auache nyumbani, nitamshonea mwingine. Wabusu watoto. Bi Maswali anauliza mama mkubwa ana urefu gani. Mungu akufungulie njia.

Mdogo wako asiyejua kupima hema,
Kitinda

Mama nimemwambia naandika. Amesema nikukumbushe uje na viatu utakavyovaa, ili apate urefu wa pindo.