Saa Iliyotoka Kwenye Marijani

Alghero, Jumapili

Kaka Gavino mpendwa,

Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Bachisio alikula nasi mchana, akaumaliza mkate wote kama kawaida yake.

Ile saa ya kuzamia ya Baba niliipeleka kwa Bwana Sanna, mkusanyaji wa saa kuukuu, atuambie ni toleo lipi. Aliutazama uso wa saa, akaniuliza Baba alipotea baharini lini. Nikamjibu, mwaka sitini na sita.

"Basi si yake, binti yangu. Wakati ule maandishi ya kina cha maji hapa usoni yalikuwa mekundu. Haya meupe yalianza sitini na nane."

"Labda fundi alibadilisha uso."

Akafungua mfuniko wa nyuma. Hata namba za ndani zilikuwa za sitini na nane.

Unakumbuka Bachisio alivyotuletea saa hiyo miaka michache baada ya Baba kupotea, akisema ameiokota chini kwenye marijani? Nilirudi nyumbani nimefura. "Mama, Bachisio alitudanganya!"

Alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua kichwa. "Nilijua siku ile ile. Ya baba yako nilikuwa naipangusa kila jioni, maandishi yake mekundu. Lakini Bachisio alikuwa hathubutu kukanyaga humu, kwa vile walizamia pamoja, yeye akarudi na baba yako hakurudi. Saa ndiyo iliyomwingiza. Ningemfukuzaje?"

Nimeirudisha kabatini. Ukija Pasaka, Bachisio akianza kusimulia alivyoiona inameta kwenye marijani, msikilize mpaka amalize.

Dada yako akupendaye,
Bonaria