Mchanga wa Viatu vya Mume Wetu

Mke mwenzangu Salama,

Tangu wanao wakuzike Mbagala, hakuna tena anayeniita Mwalimu kwa ile sauti yako ya uchokozi. Hapa Kinondoni wananiita Bibi, wananiwekea mito mgongoni, wananiuliza kama nimekunywa dawa. Moyo umechoka na miguu imejaa maji. Daktari huzungumza na mwanangu Jabiri mlangoni, kwa sauti ya chini, nami hujifanya nimelala.

Nimemwomba Jabiri jambo moja: nikifa, nisizikwe kando ya mume wetu. Nizikwe kando yako. Bado hajanijibu. Ndiyo maana ninakuandikia, na barua hii nitaiacha wazi mezani, waisome wanangu na wanao, wajue kwa nini nimeomba hivyo.

Unakumbuka tulivyochukiana? Zaidi ya miaka ishirini, mimi Kinondoni, wewe Mbagala, na katikati yetu mume mmoja, dereva wa kutembeza watalii. Zamu yangu ilipofika alikuja kutoka kwako na mchanga ndani ya viatu. Nilivikung'uta uani, mchanga mweupe, laini, mara nyingine na kipande cha kombe ndani yake. Nilimwuliza, "Ulimpeleka mwenzangu pwani?" Akacheka tu. Hakukubali, hakukataa. Basi nikakuona akilini mwangu umekaa kiti cha mbele, na kile kilemba chako cha njano, unapigwa na upepo wa Bagamoyo, na mimi nimeinamia madaftari ya wanafunzi. Nilikuwa nafundisha historia, Salama. Nilichora pwani yote ubaoni, nikaweka alama Kunduchi, nikaweka alama Kaole, na mwenyewe sikuwa nimefika popote.

Alipofariki, kila mmoja wetu alikaa eda nyumbani kwake. Tulipotoka, ukaja kwangu na sufuria la mihogo ya nazi. Nilidhani umekuja kwa shari. Tulikula nusu ya sufuria, kisha nikashindwa kujizuia.

"Wewe angalau alikutembeza," nikasema. "Bagamoyo umeiona."

Ukaacha kutafuna. "Mie? Bagamoyo ipi?"

"Ule mchanga wa viatuni je?"

"Bi Mkubwa we! Si ulitoka huku kwako? Mie nimekung'uta viatu vya yule bwana huku nalia, najisemea, msomi anatembezwa ufukweni, mie nimeachiwa kikaango!"

Tukatazamana. Ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukashika ukuta, nami nikacheka, halafu sijui nani kati yetu alianza kulia. Mchanga wote ule ulikuwa wa kazini. Alishuka garini na wageni wake, akakanyaga ufukwe nao, kisha akatuletea sisi viatu. Neno moja tu lingetutuliza, lakini aliona raha kugombewa.

Ulipokuwa unaondoka ulisimama mlangoni, ukasema, "Jumamosi vaa viatu vya kutembea. Twende tukauone huo mchanga."

Tulianza na Kigamboni. Kwenye pantoni ulinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniachia alama za kucha. "Mwalimu, chombo hiki kikizama nakukumbatia wewe, umenona, utaelea." Watu wazima wakageuka kututazama, nami niliyezoea kunyamazisha darasa nikacheka kwa sauti. Kunduchi tuliona yale makaburi ya zamani yenye nguzo, na mashimo ambamo hapo kale zilibandikwa bakuli za kauri. Ukayakagua moja moja kama mtu anayehesabu vyombo baada ya harusi, ukauliza nani alizichukua na kama alirudisha. Pugu tulipanda kilima polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Kule juu ulitafuta kwa kidole iliko Mbagala, halafu Kinondoni. Kisha ukasema, "Kumbe si mbali."

Na Kaole. Kaole ndiko ninakokuota. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya kaburi moja pana, akasema kwa heshima kwamba humo wamelala mume na mke waliopendana sana.

"Na mke mwenza kazikwa wapi?" ukamwuliza.

Yule bwana akalitazama kaburi. "Mama, hilo hatukuambiwa."

"Basi muulizie. Yupo mahali hapa, kalala peke yake, na hakuna anayemletea mgeni."

Nilicheka nawe siku ile. Lakini kwenye basi la kurudi ulisinzia ukiegemea bega langu, nami sikuthubutu kusogea mpaka tukafika mjini, na njia nzima nilikuwa namfikiria yule mwanamke.

Sasa ninakiri, Salama, maana muda wa kuona aibu umekwisha. Miaka ile michache ya kutembea nawe ndiyo miaka niliyoishi. Ndoa yangu niliivumilia, wanangu niliwalea, kazi yangu niliipenda, lakini furaha ya kuamka asubuhi na kumwazia mtu, kuchagua khanga kwa sababu yuko atakayeisema, niliipata kwako, nikiwa na mvi kichwa kizima. Mume wetu alipokufa nililia, na watu walikuwa wananitazama. Ulipokufa wewe hakuna aliyenitazama. Nilikuwa mke mwenza tu, aliyekuja kuzika na kurudi kwake. Walinipa pole ya juu juu, mmoja akadiriki kunong'ona kwamba sasa nimepumzika.

Figo zako zilipokataa, nilikuja Mbagala kila Ijumaa. Siku ya mwisho uliniambia, "Kisiju hatujaenda."

"Tutakwenda."

"Usiende peke yako ukaja kunipigia hadithi."

Sikwenda. Mpaka leo sijui pwani ya Kisiju inafananaje.

Nilipomweleza Jabiri ombi langu, alisimama katikati ya chumba kama mtoto aliyekemewa.

"Mama, watu watasema nini? Nafasi ya pembeni ya baba ni yako, kila mtu anajua. Unataka baba alale peke yake?"

"Baba yako alizoea kwenda bila sisi."

Alikasirika. Aliondoka bila kunywa chai, na tangu siku hiyo huja, huniuliza dawa, hutazama simu yake, huondoka. Simlaumu. Yeye alikuwa mtoto wa nyumba hii. Aliniona nikikung'uta viatu, na alijifunza kukuchukia kutoka kwangu.

Niliacha kuandika hapo, mkono ulikuwa umechoka. Ninaendelea leo, kwa sababu jana alasiri Jabiri alikuja. Hakuuliza habari za dawa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akavua viatu, akabaki ameinama anaitazama sakafu.

"Nimetoka Mbagala. Nafasi ipo," akasema. "Upande wake wa kushoto. Nimeongea na wanawe. Yule binti mkubwa alilia, akaniita kaka."

Nilinyoosha mkono nikamwomba anipe kiatu kimoja.

"Mama, kichafu hicho."

"Nipe."

Nilikiinamisha juu ya kiganja changu, na mchanga ukamwagika, mwekundu kidogo, na jani dogo kavu ndani yake. Nilifunga vidole. Maisha yangu yote nimekung'uta mchanga wa viatu vya watu nikikisia umetoka wapi. Huu sikuhitaji kumwuliza mtu.

Nakuja, Salama. Usilale mbali.

Mke mwenzio,
Bi Mkubwa