Wewe Ndiye Yule wa Kwenye Kompyuta

Mwenzangu, nimejifungia stoo ya maabara.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amemwagikiwa tindikali mkononi. Usijali, nesi amemwona, ngozi imekuwa nyekundu tu.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kushika chupa ya kweli. Muhula mzima wamejifunza usalama kwenye ile maabara ya kuigiza ya kwenye kompyuta, na huyu alipata mia kwa mia.

Mia kwa mia, halafu akaganda kama kisiki, anautazama mkono wake.

Sikupiga kelele. Nikamwambia, "Nenda kwenye bomba. Fungua maji. Dakika kumi na tano, usitoe mkono." Akaenda palepale, kama mtu aliyeshikwa bega.

Sasa sikia. Nimesimama naye, maji yanatiririka, ananiambia, "Wewe ndiye yule wa kwenye kompyuta."

Unakumbuka walivyonirekodi sauti ya maelekezo ya ile maabara ya kuigiza? Ndiyo hiyo. Wanafunzi mia mbili wananisikiliza kila wiki, na mimi niko huku stoo napangusa vumbi kwenye chupa, muhula mzima hakuna aliyebisha hodi.

Akaniuliza, "Kumbe ni mtu kweli?"

Wala hakuwa ananikejeli. Aliuliza kwa upole, akitaka kujua.

Nikajibu, "Ni mtu." Akacheka kidogo, akaanza kuniuliza nimefanya kazi hapa miaka mingapi.

Halafu akauliza kama atoe mkono. Nikamwambia bado dakika nne.

Mwenzangu, zile kumi na tano zilikuwa zimeshaisha.