Mkutano wa Saa Mbili Asubuhi

Mayu Kabula,

Leo nakuandikia kwa furaha. Wamekubali! Mkutano wa kijiji hapa Lalago leo umeanza saa mbili asubuhi.

Unakumbuka ulivyoomba miaka yote ile? Mkutano saa nane mchana, uwanja mzima jua, na sisi wenye ualbino tunachungulia kutoka kwenye baraza za watu, maneno hayatufikii. Wewe ukivaa kofia yako ya ukindu na kwenda kusimama katikati. "Tusipoonekana, wataamua kama vile hatupo," ulikuwa ukiniambia. Jua likakuletea saratani, likala sikio, likala shingo, mwisho likakuchukua wewe mzima. Nilikasirika, mayu. Hasira yenyewe bado ninayo.

Kikundi chetu cha wenye ualbino kilinipa uenyekiti wako, nikakataa mara mbili. Unaujua woga wangu. Ila mwezi uliopita nikavaa ile kofia, inanishuka hadi puani, nikaingia uwanjani. Nikasema tunaomba jambo moja tu: mkutano uwe asubuhi, jua halijawa kali, ili nasi tukae na wenzetu. Watu wakainamisha macho. Nikajua nimeshakuharibia.

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mzee Maduhu. Ndiyo, yuleyule muuza chumvi aliyekuwa akitema mate kifuani kila tukipita, eti tusimwachie mkosi. Wewe ukimwambia "Mwadila" kila mchana, hakujibu, nami nakuvuta gauni tuondoke.

Akasema, "Yule mama alinisalimia miaka yote. Sikumjibu hata siku moja."

Akakaa. Mikono mingine ikafuata, nikashindwa hata kuihesabu kwa machozi.

Basi leo tumekaa mbele kabisa, sote saba. Wakaniomba nifungue mkutano, nikasimama, na kwa mazoea nikasema "Mwadila." Salamu ya mchana, saa mbili asubuhi! Uwanja ukaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mzee Maduhu ndiye aliyenisahihisha.

"Mwangaluka, mayu."

Ameniita mayu, yaani mama, kama nilivyokuita wewe.

Uenyekiti nimeupokea. Kofia nimeipunguza kwa uzi, sasa inanikaa. Wasiotujibu salamu bado wapo, hata leo niliwaona. Nakuahidi nitawasalimia mmoja mmoja, mpaka wajibu.

Pumzika sasa. Kumekucha huku.

Mwangaluka, mayu.

Minza wako